Sufuria Yenye Kovu Chini ya Sikio

Shangazi yangu haamini kitu mpaka akigonge. Nyanya hugonga, mlango mpya hugonga, na siku ya harusi yangu alimsogelea bwana harusi mbele ya wakwe, akamgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akatangaza: "Huyu ana mapovu ndani."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilinuna. Mume wangu ni dalali, na maneno yake yangemtoa nyoka pangoni, lakini Shangazi hayakumgusa hata ukucha. Zawadi yake kwangu ilikuwa sufuria aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alisahau kuvua pete, ikaugusa mchanga wa kalibu, ule unaoshika umbo la sufuria kabla ya kumiminiwa alumini, na chini ya sikio la sufuria pakatuna kovu dogo. Nilitaka kulisugua kwa tupa, akanizuia. "Liache. Siku ikiibiwa tutaijua."

Ndivyo alivyo. Harusi haijaisha, yeye keshafika kwenye wizi.

Kazi yake ni kuyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria. Karakana ni banda la mabati nyuma ya nyumba: huku rundo la pistoni, kule fremu za madirisha, pembeni gunia la makopo ya soda yaliyopondwa. Kuchambua hamwachii mtu. Kitasa cha mlango hung'aa kama alumini, lakini ni kizito, na kikiingia tanurini huharibu chungu kizima cha kuyeyushia. Kipande chenye mafuta au maji huleta mapovu, na penye povu ndipo sufuria itakapovuja. Kwa hiyo kila kipande hukipima mkononi, hukigonga, hukinusa. Sufuria zake hutoka nyembamba na nyepesi, hata mama aliyejifungua juzi huzinyanyua zikiwa na maji. Chini huweka nukta mbili, alama yake.

Anayeshindilia mchanga ni mzee mmoja tunayemwita Kimya. Yuko hapo tangu mimi msichana, na bado kila jioni Shangazi humkagua mifuko. "Kikulacho ki nguoni mwako," husema, huku akipapasa ufunguo wa sanduku la sufuria ya mfano, ile ambayo nyingine zote hutokana nayo. Mimi husugua kingo na kuuza.

Asubuhi moja mpishi wa shule aliingia na sufuria kichwani, uso umevimba kwa hasira. "Mama, sufuria yako imenikojolea jikoni! Moto umezima, na watoto wananisubiri!"

Hakuwa wa kwanza. Wiki ile wateja walikuwa wakirudisha sufuria zinazovuja, na wengine walishaanza kupita mbele ya banda bila salamu. Jina la Shangazi ndilo shamba lake, hana jingine.

Akaigonga. Sufuria njema hulia. Hii ilikohoa.

"Si yangu."

"Na hizi nukta mbili?"

Shangazi akachukua mfuniko wake ukutani, akaufunika. Ukacheza. Akabaki kuutazama, nami nikaelewa. Alumini ikipoa hunywea kidogo, ndiyo maana sufuria ya mfano ni kubwa kuliko zinazouzwa. Mtu akiinunua sufuria yetu na kuishindilia mchangani ili aige, nukta zitatoka na kila kitu kitatoka, ila mtoto atakuwa mdogo kuliko mama.

"Kuna mtu anasubu jina langu," alisema. Kisha akamgeukia Kimya. "Nani mwingine anaijua kazi hii?"

"Mama, ningetaka kukuibia, ningengoja mpaka nizeeke?"

"Mwizi mzuri ana subira. Vua aproni."

Sitajifanya malaika. Hata mimi nilimshuku. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu asiyesema humjui anawaza nini. Nikaiokota ile sufuria ili niiweke kando, na kidole changu kikapita chini ya sikio.

Kovu.

Miezi michache nyuma mume wangu aliichukua sufuria yangu na mfuniko wake, akasema sikio limelegea, ana rafiki wa kulikaza. Wiki nzima nilipikia sufuria ya jirani. Na sikio, sasa nakumbuka vizuri, halikuwa limelegea.

Ningeweza kunyamaza. Kimya alikuwa anahangaika na fundo la aproni, na mimi nilikuwa na ndoa ya kulinda. Nikaona kinyaa, nikasema.

"Shangazi, hii imezaliwa na sufuria yangu."

Akapitisha dole gumba kwenye kovu, polepole. Nilingoja aseme mapovu. Hakusema. Alimwendea Kimya, akalikaza lile fundo yeye mwenyewe, kwa ukali, kama anayemfunga mbuzi. Pole haikumtoka, ila macho yalimlengalenga machozi, na Kimya akageuza uso asiyaone.

"Labda mume wangu aliiazimisha tu," nikasema. Hata mimi nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa nyembamba. "Aliirudisha. Ninayo jikoni."

Shangazi akanipa mfuniko. "Nenda nao. Ule wa kwako usiuamini."

Nilimchukia njia nzima kwa kuniambia hivyo. Nyumbani niliishusha sufuria yangu ya harusi, nikaipangusa, nikaufunika mfuniko wa Shangazi.

Ukacheza.

Ya harusi alikuwa ameiuza, akanirudishia mtoto wake. Na mimi, mpwa wa mwanamke anayegonga kila kitu, nilikuwa nimeipikia miezi yote ile bila kuigonga hata mara moja.

Mlango ukafunguliwa. "Mke wangu," akasema kwa ile sauti yake tamu, "mbona jikoni baridi? Leo tunakula nini?"

Nikamwendea, nikamgonga kifuani.