Ndoo ya Mzee Pazi ilivyoniumbua mbele ya mama yangu gulioni

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na kuna sehemu kinanidhalilisha. Ningetaka kuwadanganya ningeanza kwa kuikata hiyo sehemu.

Nimeandika nikafuta mara tatu kwa hasira, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Kwetu ni milimani, upande wa Mgeta, ila maisha yangu yako Morogoro mjini. Nina kibanda Kihonda, nauza vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, madumu, majagi. Mama yuko kijijini, analima njegere kwenye shamba aliloachiwa na mama yake. Baba alishatangulia.

Mwaka huu mama alikuwa na jambo moja tu kichwani. Jiko lake liliezuliwa na upepo, akawa anapikia chini ya turubai. Akasema njegere zikitoka salama ananunua bati kabla ya masika. Nikamwambia nitanunua mimi, akagoma. Bi mkubwa wangu yuko hivyo, hataki kusaidiwa kitu ambacho shamba lake linaweza kumpa.

Sasa tuje kwa mfanyabiashara.

Nitamwita Mzee Pazi, siyo jina lake. Ana Canter mbili, na ndiye anayenunua karibu njegere zote za gulio la kwetu na kuzishusha Dar. Tena nimpe haki yake kabla sijaanza. Bila watu kama yeye, mkulima wa mlimani amekwisha. Njegere mbichi haisubiri mtu, ukichuma leo keshokutwa imeshaanza kunyauka, na barabara ya kule mnaijua.

Mgonjwa akizidiwa, gari ni la Mzee Pazi. Msiba, gari ni lake. Baba alipofia hospitali huku mjini, aliyemrudisha nyumbani ni Mzee Pazi, na hakuchukua hata hela ya mafuta. Kanisani anakaa benchi la mbele na hakuna anayeuliza kwa nini.

Ndiyo maana hili jambo linauma. Kibaka wa stendi unampigia kelele na watu wanajaa. Huyu utampigiaje kelele wakati alikubebea maiti ya baba yako?

Basi, nilipanda juu siku ya gulio nikiwa na zawadi ya mama, ndoo mpya ya lita ishirini kutoka kibandani kwangu. Nikamkuta anamalizia kupima njegere zake nyumbani kwa ndoo yake kuukuu, nayo ya lita ishirini. Zilikuwa ndoo kumi. Kumi hizo zilikuwa zinatosha bati, alishapiga hesabu yake na hakuwa na wasiwasi.

Tukafika gulioni, mama akiwa na ile ndoo yake mpya mkononi. Nikamwamkia Mzee Pazi, akanipokea vizuri kabisa, akaniuliza habari za mjini. Kijana wake wa kupima akaanza kazi kwa ndoo ya bosi wake, na kila ndoo lazima iwekwe kilemba, yaani njegere zipande juu ya ukingo kama kichuguu.

Kumi za nyumbani zikatoka saba, na vijiganja vichache vya kubaki.

Nikamuuliza mama imekuwaje. Akanijibu kwa upole tu, "Ndivyo zinavyokuwa siku zote, baba. Njegere zikitikiswa njiani zinalala."

Zinalala. Yule mama amelima, amepalilia, amechuma kwa mkono, halafu ameibiwa, na maelezo ya wizi amemtungia mwizi yeye mwenyewe.

Nikaiangalia ile ndoo. Mimi ndoo ndiyo ugali wangu, huwezi kunidanganya kwa ndoo. Ilikuwa imetanuliwa.

Kwa wasiojua, ndoo ya plastiki ukiijaza mchanga wa moto inalainika. Unaikanda kwa ndani taratibu, inanenepa, ikipoa inabaki hivyohivyo. Kwa macho ya kawaida huoni kitu. Unanunulia hiyo shambani, halafu mjini unauzia kipimo kingine kilichobonyezwa kitako. Mkulima analia huku, mlaji analia kule, wewe uliye katikati unaitwa mpambanaji.

Sikukaa kimya. Nikaenda kwa mama muuza uji, nikamwomba dumu lake la maji la lita ishirini, nikalimimina lote kwenye ndoo ya Mzee Pazi mbele za watu.

Maji yalikomea vidole vinne chini ya ukingo.

Wanawake wakasogea na vikapu vyao. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja jirani yetu, Bi Tekla, aliingiza mkono kwenye ndoo, akapima pale pakavu kwa vidole vyake, akasema, "Miaka yote hii."

Hapo nikajiona shujaa. Nikatoa hotuba. Nikamwambia Mzee Pazi, "Mzee, unamwibia mama yangu, halafu Jumapili unampa mkono wa amani." Nikasema mfanyabiashara anayekula jasho la mjane ni mbaya kuliko jambazi. Kuna kijana alikuwa anarekodi na simu, na mimi nikawa nazidisha.

Mzee Pazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwaga yale maji, akaigeuza ndoo kitako juu.

"Njoo uangalie, kijana wangu. Hii alama ni ya nani?"

Kwenye kitako kulikuwa na vitone vitatu vya msumari wa moto.

Wakuu, nilisema nauza ndoo. Sikuwaambia kazi ya pili.

Uani kwa kibanda changu natanua ndoo. Nimefanya hivyo miaka. Wateja wanatoka mpaka Dakawa kwa ajili ya kununulia mpunga, wengine siwajui hata sura, ndoo zinaletwa na madereva. Nikimaliza naweka vitone vitatu, kwa sababu ndoo ikitanuliwa mara mbili inapasuka, kwa hiyo lazima nizijue zilizopita mikononi mwangu. Siku zote nilijiambia mimi ni fundi tu, ndoo ikitoka getini kwangu siyo shida yangu tena.

Mzee Pazi akaendelea, kwa sauti ileile ya kunisalimia asubuhi. "Dereva aliniambia fundi ni kijana wa hukuhuku. Nikajua ni wewe. Nilidhani unajua zinakokwenda."

Yaani alijua. Alinunua njegere za mama yangu kwa ndoo iliyotanuliwa na mtoto wake, msimu kwa msimu, na bado analala usingizi. Hasira yangu kwake haijapungua hata kidogo, na msije mkaniambia tumetoka sare.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi wafanyabiashara tunapenda kujisifu kwamba tunailisha nchi, na ni kweli, njegere hazishuki mlimani zenyewe. Lakini mtu anakuachia kipimo kwa sababu amekuamini. Ukimsaidia kwenye msiba hujanunua haki ya kumwibia kwenye mzani. Na wewe fundi, dalali, dereva, kuli, unayesema "mimi natumwa tu", hilo neno nimelitumia miaka mingi. Halina maana yoyote.

Kazi ya uani nimeiacha. Wateja wangu wawili wameshahamia kwa fundi mwingine mtaa wa pili, na wamenitumia meseji za kunicheka.

Nimalizie yaliyotokea gulioni.

Mama aliniuliza swali moja tu. "Ni kweli?"

Nikasema ndiyo.

Akamgeukia mnunuzi. "Mzee Pazi, ulimleta mume wangu nyumbani, nikakushukuru siku ileile, na nitakushukuru mpaka nife. Leo ni njegere. Zirudishe kwenye vikapu, tunapima upya kwa ndoo mpya."

Mzee Pazi akaangalia wale wanawake waliomzunguka, akaangalia gari lake ambalo halijajaa hata nusu. Akamwambia mpimaji wake arudishe. Zilitoka kumi kamili, na leo jiko la mama lina bati.

Ila kabla ya kupima, mama alichukua dumu la muuza uji akaenda nalo bombani. Akarudi amelijaza. Akaiweka chini ile ndoo niliyomletea mimi, mwanawe wa kumzaa, bado ina karatasi ya kiwandani, akaimiminia maji yote, akainama kuangalia yamefika wapi.

Yalifika ukingoni. Akayamwaga, akaanza kupima, na hakunitazama.

Uwanja ni wenu wakuu. Anayeuza kwa ndoo, kopo au mzani aseme hapa mara ya mwisho alikikagua kipimo chake lini. Wenye matusi nao waje, nitayasoma yote.