Dakika Mbili za Tata Kalonji

Kalonji alikuwa pointeur kule mgodi wa Mashamba, na kazi ya pointeur ni kusimama kando ya shimo akihesabu malori yanayotoka na mawe ya shaba. Miaka kumi na tisa ya kuchora vijiti kwenye daftari si mchezo. Bosi akimuuliza saa nne zitakuwa zimetoka tani ngapi kufikia mchana, Kalonji alijibu kabla mwenzake hajatoa kikokotoo mfukoni. Mtaani Dilala, hata waliojenga walimwita kwanza awapigie hesabu ya matofali. Kichwa kikaanza kumvimba kidogo, tusifichane.

Mwezi ule mke wake, Mbelu, alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa Kolwezi alimpiga picha kwa ile mashine kubwa, akaziweka zote kwenye flash, akamwambia Kalonji waziwazi: madaktari wa upasuaji wa Lubumbashi wanakutana mara moja tu kwa mwezi, Alhamisi, saa tano asubuhi kamili. Picha zikifika kabla ya hapo, Mbelu atapangiwa kitanda. Zisipofika, ni mwezi ujao. "Na mwezi ujao, tata, mi sitaki tuufikie," alisema, akaangalia pembeni.

Kalonji hakutishika. Wiki mbili nyuma alikuwa ameingiza fibre ya intaneti nyumbani, mega ishirini kwa sekunde, karatasi iko ukutani. Picha zilikuwa mega elfu mbili na mia nne. Alifumba jicho moja, akagawa: sekunde mia na ishirini. Dakika mbili. Hakuandika hata popote.

Kwa hiyo Jumatano jioni flash ililala juu ya kabati. Kwao kitu cha mgonjwa hakiendi safari bila kuombewa, na bamama wa kanisa walikuwa wameahidi kuja asubuhi. Walifika saa tatu na nusu, wanne, wakiongozwa na mama Agnès wa jirani. Waliweka flash kwenye sahani nyeupe juu ya kitanda cha Mbelu, wakaiwekea mikono. Wakaomba, wakaimba, wakaomba tena. Saa nne na robo mama Agnès alifungua jicho, akamnong'oneza Kalonji, "Tata, tuache? Saa inaenda."

"Mungu habanwi na saa, mama. Mi nahitaji dakika mbili tu. Imbeni."

Na wimbo uliofuata aliuanzisha yeye mwenyewe, kwa sauti nene ya shimoni, mpaka Mbelu akacheka huku ameshika tumbo.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini alipochomeka flash kwenye kompyuta yao, ile nzee aliyowaachia binti yao Jémima alipoolewa. Akabonyeza kutuma. Mashine ikafikiri, kisha ikaandika: zimebaki dakika thelathini na mbili.

Kalonji alisubiri namba ijirekebishe. Ikawa thelathini na moja.

Alimpigia simu Aicha, binti wa tata Rachid mwenye malori. Ndiye fundi aliyewaunganishia fibre.

"Aicha, mumenipa mega ishirini ama mumenipa nini?"

"Iko ishirini, tata. Lakini ile fibre banaipima kwa bit. Picha zako banazipima kwa octet, na octet moja ni bit nane. Ishirini gawa na nane, njo mbili na nusu."

"Basi dakika kumi na sita. Huku mashine inaniambia mara mbili yake."

"Juu ile machine yako imezeeka, tata. Kwa wifi inakamata nusu tu. Tata, kule Mashamba, mukitosha tani mia ya majiwe, munapata tani mia ya mukuba?"

Kalonji alihisi masikio yanawaka. Hakuna mtu Kolwezi anayelijua hilo kumshinda yeye. Tani mia za mawe zikitoa tani tatu za shaba, watu wanashukuru. Miaka kumi na tisa anawacheka wageni wanaohesabu lori kama limejaa shaba tupu, na leo yeye ndiye mgeni.

"Uko na câble?" Aicha aliuliza. "Ile ya bleu ilitoka pamoja na modem. Ukichomeka ile, utapata dakika zako kumi na sita. Utafika mbele ya saa."

Alikuwa nayo. Dirishani aliiona imefunga mlango wa banda la kuku, vipande viwili, alivyovikata mwenyewe Jumapili.

Alikata simu bila kuaga. Hapakuwa na la kusukuma wala la kubeba. Malori yakichelewa, unaweza kumfokea dereva. Hapa utamfokea nani? Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, akiangalia namba.

Saa tano ilipogonga, mashine ilikuwa imefika sitini na mbili kwa mia. Saa tano na dakika kumi na mbili ikaandika: imetumwa. Baada ya muda mfupi likaja jibu la sekretari wa Lubumbashi, maneno machache. Wamepokea, asante. Kikao kimeshafunga orodha. Faili hilo ataliweka mbele mwezi ujao.

"Imefika?" Mbelu aliuliza.

"Imefika," alisema Kalonji, na hakusema uongo.

Mama Agnès aliinua mikono juu. Wale bamama watatu wakasimama, wakaanza wimbo wa shukrani, uleule aliouanzisha Kalonji, na Mbelu akapiga makofi polepole pale alipolala, machozi ya furaha yakimtoka. Akamgeukia mume wake. "Na weye imba, baba Jémima. Si njo wimbo wako?"

Kalonji alifunika kompyuta. Akasimama, akaimba.