Siku Nilipopanga Kuku Kama Kadi za Kompyuta

Kama kuna mtu wa Burumba, kule kwetu Busia, hapa aliyekuwepo siku hiyo, tafadhali anyamaze nimalize mwenyewe, kwa sababu hii aibu ya kuku nimeibeba tangu miaka ya sabini na mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu nafunika uso.

Wakati huo nilikuwa Nairobi naandikia kompyuta maagizo, kompyuta yenyewe inajaza chumba kizima na sisi tunailisha kadi zenye matundu, na kila nikirudi Busia nilikuwa na maoni juu ya kila kitu: vile posta wanapanga barua, vile malori yanapanga foleni Malaba, hata vile mtu anafaa kupiga mswaki (nilikuwa kijana, mnisamehe). Kazi ya kalamu inakwisha, nilikuwa nawaambia watu, jifunzeni mashine.

Sasa baba ya Nabwire, msichana niliyetaka kuoa, akatuma habari kwamba anakuja kwetu na ndugu zake watano kutoka Nambale, waone boma na waelewe hiyo kazi yangu ni kazi gani, kwa sababu kulikuwa na karani mmoja wa Malaba naye anamtaka Nabwire, na mzee alitaka kuamua. Yaani maisha yangu yote yalikuwa siku hiyo moja.

Asubuhi nikaingia jikoni (mwanamume, jikoni, siku ya wageni!) nikakuta mama na shangazi wana kuku sita na sufuria sita, kila kuku na sufuria yake. Nikaona huo ni upotevu wa wakati. Paja haliivi sawa na shingo, sivyo? Nikaagiza vya aina moja vikae pamoja, kama tunavyopanga kadi zetu, mapaja huku, mabawa huku, shingo huku, firigisi huku, vifua, migongo, na kitakachoiva kwanza kitoke kwanza, kiende kwa waliokaa kwanza. Shangazi akafungua mdomo, nikamkatiza.

"Shangazi, usiniulize. Fuata tu."

Mzee alifika saa saba, na kumbe alikuwa mtu wa kudadisi kuliko mimi. Aliuliza mashine inakula nini, inalala, ikikosea nani anajua, nami nikajibu kwa vidole na kwa Kizungu, jasho linanitoka kwa raha.

Halafu chakula kikaja. Kwetu mgeni wa heshima anawekewa kuku wake mzima, firigisi juu, ndiyo ajue amechinjiwa yeye. Mzee akafunua bakuli, akakuta shingo sita. Ndugu yake akafunua lake, mabawa kumi na mawili. Mwingine, migongo mitupu. Hakuna aliyegusa. Mzee akauliza kwa upole firigisi ziko wapi, na shangazi akapiga magoti akaeleza kwamba mimi ndiye niliyeagiza hivyo, na kwa udogo wake ziliiva kwanza, basi zikaenda kwa waliokaa kwanza, na akaonyesha kwa kidevu wale vijana wawili waliokuja asubuhi kufunga turubai, wako pale uani wanajilamba vidole (mpaka leo naamini alifanya makusudi).

Mzee hakukasirika, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Kijana, tangu nifike nauliza kazi yako ni nini," akasema. "Sasa nimeiona."

Wakanawa mikono, wakaaga, wakaenda na njaa yao. Nabwire aliolewa Malaba mwaka huohuo. Iliniuma sana, sitadanganya, nilikonda.

Kabla sijarudi Nairobi nikamwendea shangazi, nikamuuliza kwa nini kila kuku ana sufuria yake. Alinieleza mpaka chai ikapoa, nani anapewa nini na kwa sababu gani, mambo ambayo nimezaliwa ndani yake na sikuwahi kuyaona. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Ningekuambia saa ngapi, baba?"

Tangu siku hiyo siandiki agizo hata moja kabla sijakaa na yule anayefanya hiyo kazi kwa mikono yake, hata akiwa mfagiaji, namuuliza hii mnafanyaga hivi kwa nini, na nanyamaza mpaka amalize. Wenzangu ofisini wananicheka kwamba nachelewa. Wacha wacheke, wao hawakumpoteza Nabwire.