Alama Nyekundu Kwenye Tableti ya Wodi

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika wodi ndogo ya wagonjwa wa akili upande wa Garsen, na zamu nzima tulikuwa wawili tu. Ndiyo maana tulipoletewa ile tableti niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na programu ya kumsaidia mgonjwa katika siku ambazo daktari hayupo. Ilimwongoza avute pumzi taratibu hofu ikimshika, na kila asubuhi ikamuuliza maswali. Umelala vipi? Umekula? Umewaza kwamba afadhali ufe? Mgonjwa aligusa sura inayocheka au iliyonuna, na majibu yakaingia kwenye ukurasa wake, ambao nilipaswa kuusoma kabla ya saa nne.

Wanawake wawili walilala vitanda vya jirani. Mmoja alikuwa mke wa mfugaji wa Kiorma, aliyeletwa baada ya kufiwa na mtoto, akiwa hali wala hasemi. Wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea kutoka Minjila, aliyeletwa na dadake kwa sababu alikuwa halali na alikuwa akilia mbele ya watoto darasani. Huyu alipata nafuu upesi, au ndivyo tulivyoona. Alitandika kitanda chake, akatusalimia sote, akawaonyesha wenzake jinsi ya kutumia tableti. Mke wa mfugaji hakujua kusoma, na ile sauti ya programu ilisema Kiswahili cha taarifa ya habari ambacho alikielewa nusu nusu. Mwalimu aliomba awe anamsaidia. Nilikubali hata kabla hajamaliza kuomba.

Ikafika asubuhi ya wote wawili kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mume wa yule wa Kiorma alikuwa ametoka upande wa Bura kwa pikipiki, na kufikia saa ya chai alikuwa ameshakaa langoni. Mwalimu alitangulia kutia sahihi. Alisema dadake anamngoja Minjila, akanishukuru, akachukua mkoba wake akatoka.

Nilipokaa kujaza fomu ya mke wa mfugaji ndipo nikafungua ukurasa wake. Siku tatu mfululizo kulikuwa na alama nyekundu, yaani ndiyo, kwenye swali la kufa. Natamani ningeweza kusingizia mtandao, lakini majibu yalikuwa yamefika. Mimi ndiye sikuyasoma. Nilikuwa nimewaona wanakula na kuoga, nikaona inatosha.

Nilitoka nikamwambia mume kwamba mkewe hataweza kwenda leo. Hakupandisha sauti. Aliuliza mkewe amefanya nini, nami nikamweleza habari ya majibu.

"Alikuambia wewe," akauliza, "ama aliambia hiyo mashine?"

Nikarudi ndani, nikakaa kitandani kwa mkewe na ile tableti mapajani, nikamuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe kama anawaza kufa. Alinitazama kwa mshangao. Akasema alipokuja aliwaza hivyo, lakini siku nyingi sasa hawazi tena. Bado anamlilia mtoto wake, ila ana wengine wawili nyumbani na anataka kuwaona. Nikamwonyesha zile alama.

"Mimi sijui kusoma, sista. Mwalimu ndiye anafinya."

"Wewe ulikuwa unamwambia nini?"

"Haniulizi kitu. Anafinya tu, halafu anafuta macho."

Nilifungua ukurasa wa mwalimu: sura zinazocheka, kuanzia siku ya kwanza hadi asubuhi ile. Nikampigia simu, ikawa imezimwa. Nikampigia dadake. Akasema hajaambiwa kwamba mtu anatoka leo.

Nilimwachia mwenzangu wodi nikakimbilia langoni. Yule mume aliniona uso tu akasimama. Nilimwambia kwa maneno machache kwamba mkewe ni mzima, anayehitaji kutafutwa ni yule mwalimu. Akawasha pikipiki.

"Panda."

Stejini waendesha boda walisema hawajambeba. Mmoja alisema amemwona mwanamke mwenye mkoba akienda kwa miguu, akanyoosha kidole kuelekea darajani. Siku hizo Mto Tana ulikuwa umefura, maji yamejaa tope. Njia nzima nilitazama kando ya barabara kulia na kushoto, na kila leso niliyoiona kwa mbali nilidhani ni yake.

Tulimkuta kabla ya daraja, amekaa peke yake kwenye kibanda kitupu cha wauza tikitimaji, mkoba mapajani. Mume alizima pikipiki akabaki mbali kidogo. Nilikaa kando ya mwalimu.

"Yale majibu ni yako?" nikauliza.

Aliukumbatia mkoba.

"Nilifikiri hamyasomi."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nimeyasoma hadi leo. Ndipo akalia. Alisema kwenye ukurasa wake mwenyewe aliogopa kuandika, tungemzuia asitoke. Lakini yalikuwa yamemjaa, akataka ayaseme mahali. Nilimwomba turudi. Kwenye pikipiki tulimweka katikati, nami nikamshika kiuno mpaka langoni.

Mke wa mfugaji alienda nyumbani mchana ule ule. Kabla ya kuondoka alikaa kwa mwalimu, akamshika mkono, akamwambia jambo kwa Kiorma ambalo sikulielewa, wala sidhani mwalimu alilielewa. Mimi nilimweleza daktari kila kitu, pamoja na zile siku tatu. Tableti hatukuirudisha, maana wapo iliowasaidia kweli. Ila lile swali la kufa nimeliuliza kwa mdomo tangu siku hiyo, na kila mgonjwa hujifinyia mwenyewe.

Mwalimu alikaa nasi karibu mwezi mwingine, kisha akarudi shuleni. Baada ya muda alitokea siku isiyo yake ya kliniki, vumbi la chaki bado liko kwenye mikono. Alisema ile hali imeanza tena, tangu juzi, na ameona aje aseme mwenyewe. Nilifunga mlango, nikamvutia kiti.