Mpima Mizani Aliyepewa Kipimajoto

Kwa miaka kumi na tisa mtu huyu alisimama kando ya mizani ya soko la wakulima akipima magunia, na hakuna aliyewahi kuinama kuutazama mshale. Akisema sitini, ni sitini. Wakulima waligombania mbegu, mipaka, hata wachumba, lakini si mizani yake. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia, ikaamriwa soko lihamie uwanjani au lifungwe, mwenyekiti wa soko hakuumiza kichwa: kipimajoto alikabidhiwa yeye.

Soko lilipangwa likapangika. Lango la kuingia huku, la kutoka kule. Ndoo za kunawia, sabuni imefungwa kamba kama mbuzi mtoro. Miduara ya chokaa kila hatua mbili, na mnunuzi marufuku kushika kitu: anyooshe kidole, muuzaji amchagulie. Hapo ndipo palipokuwa na kelele.

"Nyanya bila kuminya?" shemeji yake alilalamika. "Hiyo ni sawa na kuposa kwa picha!"

"Wewe mkeo ulimwona ana kwa ana, na bado kila siku unalalamika," mpimaji akamjibu, na foleni ikacheka nyuma ya barakoa.

Langoni mpimaji akawa mtu. Anaelekeza kidude kwenye paji la uso, kinalia ti, anatangaza: "Thelathini na sita na nusu, pita!" Wakambandika jina la Daktari. Alijifanya halitaki, lakini alianza kupiga pasi shati la kwendea sokoni.

Juma la sita, betri zikafa.

Zilikufa asubuhi, foleni imefika barabarani, mchicha umeanza kulegea. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa kwa amri, na bwana afya alishasema: bila kipimajoto, hakuna soko. Mpimaji akakitikisa, akakigonga pajani, kioo kikabaki kitupu. Kisha akamwelekezea aliyefuata. "Thelathini na sita na nusu." Leo tu, alijiambia. Lakini uongo wa leo tu huzaa haraka kuliko sungura. Wiki tatu baadaye alikuwa akitaja mpaka nukta, na lile ti akilipiga mwenyewe kwa ulimi, ndani ya barakoa.

Ndipo akaja Mama Pilipili, bibi muuza pilipili kavu, shoga wa marehemu mama yake, aliyewahi kumbeba mgongoni akiwa hajui hata kukaa. Kikohozi chake kilijulikana soko zima. Chambua pilipili kavu miaka thelathini na wewe, tuone kama hutakohoa.

Alilitazama lile shati lililonyooshwa, akapiga goti kwa mbwembwe. "Shikamoo, Daktari! Jana magunia, leo watu. Angalia usije ukanitajia kilo!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpimaji akahisi masikio yanawaka. Mara kikohozi kikamshika yule bibi, na waliokuwa nyuma yake wakarudi miduara miwili.

Neno moja lingetosha: ni pilipili, mnamjua. Lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake alinyoosha kidude, akapiga ulimi, akatangaza kwa sauti kubwa kuliko siku zote:

"Thelathini na nane na nusu. Rudi nyumbani, mama. Siku kumi na nne."

Bibi akakitazama kidude, kisha akamtazama yeye. Mtu aliyekuwa akibishana hata na mvua, siku hiyo hakubisha. Akajitwika kikapu, na watu wakampisha kama anayebeba moto.

Habari ililetwa mezani na mkewe. "Baba Pacha, umesikia? Mkwe wa Mama Pilipili anamwekea chakula mlangoni halafu anakimbia. Bombani anateka wa mwisho. Pilipili zake hakuna anayezigusa." Akaongeza kwa huruma, "Lakini utafanyaje? Mashine haidanganyi."

Akalirudisha tonge sahanini. "Mbona huli?" mkewe akauliza.

Siku ya tisa alikwenda kwa bibi. Alisimama uani, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, mwenzio nina joto."

"Mama, kile kipimajoto..."

"Hakina betri. Uliposhusha mkono nilikiona kioo. Mimi nimefanya biashara tangu hujaota meno. Naangalia kinachopima, siangalii anayepima."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme, soko lifungwe siku ile ile? Watu wote wale na mchicha wao wangekula nini, pilipili yangu?" Akakohoa, akafuta macho. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Leo siku ya tisa, mwanangu."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, nayo ina shughuli zake.

Siku ya soko alichukua kipaza sauti cha kuhimiza watu wanawe mikono, akasema yote: betri, ulimi, na bibi. "Hakuwa na joto. Alinitania, nikamtolea namba kwa hasira."

Hakuna aliyecheka. Shemeji yake ndiye aliyeuliza, taratibu: "Na mimi nilipokuja na mama, mgonjwa vile, ulitupitisha kwa ulimi?"

Mpimaji akakishusha kipaza sauti.

Bwana afya alifunga soko mpaka betri zilipopatikana. Mchicha ukaoza kweli, na watu walihakikisha anauona: mafungu matatu yaliachwa mlangoni kwake. Soko lilipofunguliwa, kipimajoto kilishikwa na mwingine, yeye akarudishwa kwenye mizani. Shati halikupigwa pasi tena. Na sasa kila mkulima aliinama kuutazama mshale.

Mama Pilipili alikuja na kigunia chake, akakiweka.

"Kilo kumi na mbili, mama," mpimaji alisema kwa sauti ya chini.

Bibi akatoa miwani, akaivaa, akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha mizani, akautazama mshale kwa muda mrefu kuliko wote waliomtangulia. Mpimaji akasogea pembeni, asimzibie mwanga.