Simioni na Kindi Wanaolala

Simioni wa Nyansurura alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na jembe lake lilikuwa jipya miaka yote. Mkewe, Nyangi, alishamzoea kama mtu anavyozoea mlango unaopiga kelele.

Mwaka huu masika yalipoanza, kindi walifukua mahindi yote aliyoyapanda Nyangi. Si kindi wa mtini, wale wadogo wanaorukaruka kwenye migunga wala hawamsumbui mtu. Hawa ni wa shimoni, wenye mstari mweupe ubavuni, ambao huinusa mbegu ikiwa bado udongoni, wakaitoa na kukuachia safu ya vijishimo. Nyangi akabaki na debe moja la mbegu alilopewa na mama yake. Likiliwa hilo, wanawe watakula nini hadi mwakani?

Simioni hakuona tatizo. Alikuwa ameangalia video kwenye simu ya mtu pale Mugumu: kindi wa Ulaya, kajikunja chini ya theluji, kalala msimu mzima.

"Mura, ndugu yangu, huyu mnyama analala," aliwatangazia wenzake kilabuni, kifua mbele. "Anazaa, anashiba, anaingia shimoni. Wewe unaziba mlango tu. Kwisha habari yake."

Theluji, Nyansurura! Nyangi aliposikia alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akakasirika. Kindi wa kwao amewaona tangu utotoni, kiangazi na masika, wakihangaika juani mchana kutwa. Tena wakati huu majike yananyonyesha, ndiyo maana yana njaa ya kishetani.

"Baba Wiliam, kama lazima uzibe, ziba jioni wakiwa wameingia."

"Mama Wiliam, mambo ya kitaalamu niachie mimi."

Mtaalamu aliamka jua limeshapanda, akanywa uji, akaenda kwenye kichuguu cha kindi kilicho pembeni mwa shamba. Akaziba kila shimo kwa mawe na miiba. Wenye nyumba walikuwa nje wakila, wanamtazama. Akarudi anatweta, akadai ugali wa mtu aliyefanya kazi. Kesho yake kindi walikuwa wameshachimba milango mipya, na safari hii waliitoboa katikati ya shamba. Simioni alikuwa amewasogezea meza.

Nyangi alipanda nusu ya debe, akamweka mumewe kwenye kivuli cha mgunga na rungu mkononi, debe lenye mbegu zilizobaki kando yake.

"Kazi yako ni moja. Ukimwona, mfukuze. Nachota maji narudi, tumalizie."

"Unaniambia mimi?" Simioni alisema, ameudhika kabisa.

Nyangi aliporudi alisikia mkoromo kabla hajafika. Simioni alikuwa chali, kofia usoni, rungu limebiringika huko. Safu zote alizopanda asubuhi zilikuwa vijishimo vitupu. Na pale kichwani pa mlinzi, jike la kindi lilikuwa limesimama kwa miguu miwili ndani ya debe, linatafuna, linamwangalia Nyangi bila wasiwasi wowote.

Alimchukia mwanamume yule kwa moyo wake wote. Kindi angalau alikuwa anatafutia watoto wake. Akamfukuza, akajitwika kile kilichobaki debeni, akaondoka bila kumgusa mumewe, hadi kwa jirani yake Gati, mwenye mbwa watatu na kipande cha shamba kilichoungana na uwanja wa nyumba.

Gati alichukua jembe lake, wakaanza kupanda, mbwa wakizunguka.

"Na Simioni je?" aliuliza baadaye.

Nyangi alifukia shimo kwa mguu.

"Alisema yupo mnyama anayelala msimu mzima," alijibu. "Kumbe hakudanganya. Nimemwacha pale chini ya mgunga."