Nguo za Kushonwa

Fundi wa cherehani wa pale karibu na soko la Bwera, Mungu amzidishie, huongea akiwa na pini mdomoni. Ukimpa nguo, kwanza huigeuza ndani nje na kupitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Mwanaume akimleta mkewe kupimwa, humzuia mlangoni: "Nyuma ya pazia iko ya wanawake, papa." Huko ndiko alikoona michubuko yangu ya mgongoni. Alimaliza kupima kiuno, kisha akaninong'oneza: "Ulete nguo moja moja. Useme imepasuka." Mwanamke mwenye furushi husimamishwa njiani, lakini mwenye gauni moja la kushonwa hakuna anayemuuliza. Kwa wiki tano nikapeleka magauni yangu na sare za watoto, naye akawa anazitundika nyuma ya pazia.

Siku niliyoondoka, mume wangu alikuja hapo kunitafuta. Mimi na watoto tulikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwake. Cherehani haikusita hata kidogo. "Nguo ya bibi iko bado, papa. Urudi juma inayokuya." Akaenda zake. Jioni hiyo tulikuwa Rukoki, kwa dada yake fundi, nikafungua furushi la nguo alilotufungia. Ili mume wangu aamini, nilikuwa nimefumua pindo la kila nguo kwa wembe. Zote alikuwa amezishona, kila moja kwa uzi wa rangi yake.